Mtoto Mnene Naye Apimwe Sukari

Nilivunja kufuli la kabati la dawa kwa stendi ya dripu, Jumapili mchana, watu wakitoka misa ya pili. Mama mkwe alikuwa mlangoni amemshika mwanangu. Kidevu cha mtoto kilikuwa kinatetemeka na midomo imeanza kubadilika rangi. Nesi wa zamu alikuwa Upendo; Inchaji, mkuu wetu wa kituo, hakuonekana.

"Dada Skola, vijiti vya kupimia sukari vipo humo ndani," aliniambia. "Ila ufunguo anao Inchaji."

"Na Inchaji yuko wapi?"

"Msibani, Michenga. Simu haipatikani."

"Hakuna ufunguo wa akiba?"

"Wa akiba nao anao yeye."

"Upendo, mtoto hajanyonya tangu asubuhi. Unajua hiki ni kitu gani."

"Najua, dada. Sasa unataka nifanyeje, nivunje?"

"Sogea," nikamwambia.

Najua mnavyolisimulia huko wodini mkikunja mashuka. Eti Skola alipandisha mashetani, eti uzazi ulimpanda kichwani. Sikupandisha chochote. Nilikuwa mzazi wa jana yake, nimejifunga khanga mbili, nasimama kwa shida, na akili yangu ilikuwa timamu kuliko siku zote. Nililipiga lile kufuli mpaka komeo likang'oka na kipande cha mbao. Sasa kwa kuwa mnalisimulia vibaya, nalisimulia mwenyewe, pamoja na kazi yenyewe, kwa sababu bila kuijua kazi hamtaelewa nilichovunja.

Mimi ni mstaafu. Chekeni. Nina miaka ishirini na nane na nimestaafu, kwa maana siendi tena. Nilikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kwenye kituo kimoja cha afya kando ya barabara ya Ifakara. Jina lake silitaji hapa. Palipostahili kutajwa nimelitaja. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yaliyonitosha kusoma mabango ya ukutani lakini hayakutosha kunipeleka chuo. Kwa hiyo mimi si nesi, na nyie mnaokuja na sare mpya za chuo msione kama nawafundisha kazi yenu. Nawaambia nilichokiona nikiwa na ndoo na deki mkononi. Mwenye deki hakuna anayemfukuza chumbani, ndiyo maana anaona mengi.

Aliyenifundisha kutazama mtoto mchanga ni Nesi Apolonia, mama wa Kimahenge mwenye mikono minene na ulimi mkali, ambaye ameshastaafu kwa umri, siyo kama mimi. Siku zangu za mwanzo aliniuliza, "Yule wa kitanda cha dirishani anaendeleaje?" Nikamjibu kwa furaha, "Amelala, shangazi, mpole kweli." Alinigeukia kama nimemtukana.

"Usiniambie amelala. Niambie umemwamsha akaamka vipi."

"Kwani nimwamshe wa nini?"

"Mtu mzima akilala anaota. Hivi vichanga vingine havilali, vinazima. Nenda kamwamshe."

Hivi ndivyo alivyonionyesha, na nyie mshike hapa. Mfungue nguo, abaki na nepi tu. Msugue nyayo kwa kidole gumba, siyo kumkuna kama unamchekesha, msugue hasa. Mtoto mzima atakunja uso, atavuta miguu, atakulaani kwa lugha yake. Mdondoshee tone la maziwa ya mama mdomoni, atatafuta, atalamba. Asipotafuta, akaacha tone litiririke shavuni, hapo acha deki yako ilipo, mwite nesi. Usimalize korido kwanza.

Apolonia alikuwa na msemo wake: "Mtoto mchanga hana ghala." Tumboni alikuwa analishwa kwa kitovu mfululizo, siku nzima, hana habari ya njaa. Kitovu kikikatwa, ghafla anajitegemea. Wengi wana akiba kidogo ya kuwavusha mpaka maziwa yafike. Wengine hawana. Njiti hana, kwa sababu aliondoka mapema kabla ya kuweka chochote. Aliyezaliwa mdogo kuliko miezi yake hana. Aliyechelewa kulia hana, ametumia yote kupigania pumzi. Na baridi inakula akiba kuliko kitu chochote. Ndiyo maana Apolonia alikuwa anapigana na mabibi wa kuogesha. Mtoto ametoka sasa hivi, bibi anakuja na beseni eti amtoe uchafu. "Bibi, shikamoo," Apolonia anamwambia kwa adabu zote, huku amelishika lile beseni, "lakini huyu humwogeshi leo, utaniogesha mimi kwanza." Na mara moja bibi mmoja kutoka Sanje alimwogesha kweli, alimmwagia kata nzima ya maji kifuani. Apolonia akafanya zamu yake yote na gauni limelowa, na mtoto hakuogeshwa.

Zamani, alivyokuwa anasimulia, walikuwa wanakoroga maji ya sukari na kumnywesha mtoto kwa kijiko, na ndugu nao wanaleta ya kwao: uji mwepesi wa mchele, soda, chai. Mimi mwenyewe nimemkuta bibi anampaka mjukuu asali kwenye ufizi, anasema dawa. Sasa hivi cha kwanza ni dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano ambayo huku kwetu wengine bado wanayakamulia chini eti yameoza. Ni kidogo, hayajazi hata kijiko, na ndiyo yanayotakiwa. Mama ambaye mtoto wake hanyonyi, mkamulishe kwenye kijiko, mtoto apewe polepole kwa ukingo wa kikombe, akiwa macho. Nimesema akiwa macho. Ukimnywesha aliyezima unampeleka maziwa kwenye mapafu.

Halafu kulikuwa na kutetemeka. Kila mzazi anakuja, "Nesi, mtoto anasikia baridi." Apolonia anashika ule mkono mdogo unaotetemeka, anaufumba kwenye kiganja chake. Ukitulia anasema, "Huyu apimwe sukari." Usipotulia, ukaendelea kuruka ndani ya kiganja, anasema, "Huyu ni degedege. Apimwe sukari, na kimbieni." Ukitazama utaona kote jibu ni kupima. Tone la damu kutoka kisiginoni, kijiti kwenye kile kimashine, mnasubiri pumzi chache, namba inatokea. Ni kazi ndogo kuliko kupiga deki choo kimoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Kituoni kwetu kulikuwa na desturi ya mzani. Mnaijua, bado ipo. Mtoto akizaliwa anapimwa uzito, na anayepima anautangaza kwa sauti mpaka benchi la nje wasikie, kama karani wa mpunga kwenye mashine ya kukoboa. Watu wa bonde hili tunapenda uzito. Kilo mbili na kitu, benchi kimya, mtoto anapelekwa chumba cha joto, anafunikwa, anapimwa sukari, anaangaliwa. Kilo nne na zaidi, vigelegele! "Gunia hilo!" "Huyo ni mpunga wa Kilombero, siyo wa msimu wa ukame!" Anafungwa kwenye khanga, anapewa mama yake, wanakwenda wodini, mchezo umekwisha. Mkubwa hapimwi. Hakuna mtu aliyeliandika hilo mahali, lakini kila mtu alilifuata. Vijiti vilikuwa havitoshi, na jicho la mtu linamwonea huruma mdogo.

Sasa jiulizeni mtoto kanenepeshwa na nini. Wengine ni urithi, sawa. Wengine mama zao wana sukari ya mimba. Sukari ya mama inavuka kwenda kwa mtoto, mtoto naye anatengeneza dawa yake mwenyewe ya kuishusha, anaizoea kazi hiyo, ananenepa. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama imekoma, lakini ile dawa yake bado inashusha. Inashusha mpaka hakuna cha kushusha. Mtoto wa kilo nne na nusu anaweza kufa njaa akiwa na mashavu.

Mimi nilikuwa na sukari ya mimba. Ilionekana kliniki, ikaandikwa kwenye kadi, nikaambiwa nipunguze ugali na wali. Nipunguze wali! Mimi, mke wa Desderi, mkulima wa mpunga wa Katindiuka. Mama mkwe alidhani nesi ananionea. Nilijitahidi, lakini mtoto alikuja mkubwa. Nilijifungua Jumamosi jioni, kwa taabu, na nilichosikia kabla sijasikia kilio cha mtoto ni mzani ukitangazwa na vigelegele vya benchi.

"Hongera, Skola! Umetoa gunia!"

"Apimwe sukari," nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

"Huyu?" yule nesi wa jioni akacheka, hakuwa Upendo, alikuwa mwingine. "Huyu atatupima sisi. Vijiti vimebaki vya vitoto vidogo, Inchaji ameshasema. Pumzika, mama kijacho umekwisha kuwa mama."

Nikapumzika. Nilikuwa nimechanika na nimechoka. Usiku alinyonya kidogo. Asubuhi hakunyonya. Mama mkwe akafurahi naye. "Mpole, jamani! Kama baba yake. Desderi naye alikuwa hivihivi, hasumbui, unaweza kumsahau." Nikasikia lile neno mpole, na kitu kikanichoma. Nikamfungua nguo. Alikuwa wa baridi kifuani. Nikamsugua nyayo, akafungua jicho moja akalifunga. Nikakamua dang'a kwenye kijiko, tone likatiririka shavuni. Halafu kidevu kikaanza.

Mengine mmeshayasikia. Kufuli likang'oka.

Upendo sitamsema vibaya. Kabati lilipofunguka, yeye ndiye aliyeingiza mkono kwanza. Alijua kila kitu anachotakiwa kufanya, alikuwa amezuiwa na woga tu, na mimi nilikuwa nimemwondolea. Alichoma kisigino, akaweka tone kwenye kijiti. Tukasubiri. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika herufi mbili: LO. Maana yake sukari imeshuka chini ya pale kinapoweza kusoma.

"Mama yangu," Upendo akasema.

"Mama yako baadaye. Mshipa."

Mkono wa kwanza mshipa ukapasuka. Wa pili ukapasuka. Mtoto mnene mishipa yake imezama kwenye mafuta, huioni. Mkono wa mtoto ukaanza kuruka, nikaushika, haukutulia ndani ya kiganja changu. Mama mkwe alikuwa ameanza Salamu Maria kwa sauti na nikamwambia, Mungu anisamehe, "Mama, omba kimya, tunasikiliza pumzi." Akaomba kimya. Upendo akahamia mguuni, karibu na kifundo. Akashusha pumzi, akaingiza. Damu ikarudi kwenye kimrija. Akasukuma glukosi polepole, akafunga dripu, halafu akakaa chini sakafuni na kuegemeza kichwa kwenye kabati lililovunjika. Tulipopima tena palikuwa na namba. Ndogo, lakini namba.

Gari la wagonjwa likatupeleka hospitali kubwa. Sukari ikakaa sawa, mtoto akaanza kunyonya, na mimi nikaanza kulala. Nikadhani tumevuka.

Siku iliyofuata akatetemeka tena.

Nilipiga kelele wodi nzima. "Sukari! Mpimeni sukari!" Wakapima. Ipo vizuri. Mkono unaruka, sukari ipo vizuri. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko jana yake, kwa sababu jana nilijua adui ni nani. Daktari wa watoto, kijana mmoja mwenye sauti ndogo, alikuja akamshika, akaangalia kadi yangu, akaangalia majibu ya damu yaliyotoka maabara.

"Mama Anselmi, hii sasa siyo sukari. Ni kalsiamu."

"Ya mifupa?"

"Hiyo hiyo. Misuli na moyo navyo vinaitumia. Watoto wa mama wenye sukari, na njiti, na waliochelewa kulia, huwa inashuka siku ya pili au ya tatu hivi. Ndiyo maana tulimtoa damu mapema. Tunampa kwenye mshipa."

"Basi mpeni."

"Tunampa. Lakini siyo haraka, ikiingia kwa haraka moyo unaweza kusimama. Na ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Kaa hapo, usituguse."

Nesi mmoja akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani kwa mwanangu, na kwa kidole cha mkono wa pili akawa anagonga ukingo wa kitanda, kila pigo la moyo pigo moja la kidole, ili daktari asikie bila kuuliza. Tak-tak-tak-tak, kasi, kama cherehani. Daktari akawa anasukuma bomba la sindano, huwezi hata kuona kidole kinakwenda. Sikuwahi kuangalia kidole cha mtu kama nilivyokiangalia kile. Katikati kikapunguza. Tak. Tak. Tak. Daktari akasimamisha mkono. Mama mkwe alikuwa amening'ata bega. Kidole kikasita, kikarudi, kikachanganya kasi. Daktari akaendelea. Bomba lilipoisha, mkono wa Anselmi ulikuwa umetulia kwenye shuka, na nesi bado anagonga kitanda, amesahau kuacha.

Mkumbuke hilo, nyie. Mtoto akitetemeka mkapima sukari ikawa sawa, msimrudishe kitandani mkasema ni baridi. Semeni, "Na kalsiamu?" Kama hapo mlipo hapana maabara, basi mpeni rufaa. Kuuliza hakuhitaji cheti.

Anselmi yupo. Anatambaa, anakula udongo, anavuta mkia wa paka. Daktari anasema tuendelee kumleta kliniki waangalie anavyokua, kwa sababu sukari ikishuka sana ubongo unaweza kuumia na usionekane mapema. Kwa hiyo wenzangu wanafurahia mtoto akisimama. Mimi nafurahia na huku namkagua. Akikwama kidogo tu, akichelewa kushika kitu, moyo unanipasuka. Sijui nitaacha lini kumkagua. Hicho ndicho nilichoibiwa, na hakuna anayekiona.

Tuliporudi nyumbani nikakuta barua ya kituo: nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuharibu mali ya umma. Ya mtoto hayakutajwa hata mstari mmoja.

Halafu wakaja kwa njia ya upole. Inchaji ni mtu wa jumuiya yetu, tunasali pamoja nyumba kwa nyumba. Ikapangwa jumuiya isalie kwetu, na baada ya sala mwenyekiti akasema kuna jambo dogo la kupatanisha. Inchaji alikuwa amekaa kwenye mkeka, amelia kweli. Sitawadanganya kwamba ni mtu mbaya.

"Skola, mwanangu," akasema. "Vijiti vilikuwa vinaibwa. Leo kimoja, kesho vitatu. Mtu ana mama yake nyumbani ana sukari, anajichukulia. Mwisho wa mwezi mama mjamzito anakuja hana cha kupimiwa. Ndiyo nikaweka kufuli. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeacha ufunguo kwa nesi wa zamu."

"Kwa hao hao wanaoiba?"

"Kwa hao hao. Afadhali kiibwe kijiti kuliko mtoto."

"Nilikwenda kuzika, Skola! Mtu haendi kuzika?"

"Mtu anakwenda. Ufunguo hauendi kuzika."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema dada punguza ukali, tuko mbele ya msalaba. Pendekezo lao lilikuwa hili: mimi niombe radhi kwa kufuli, Inchaji aniombee msamaha kazini, ile barua ifutwe, nirudi kwenye zamu yangu, na mambo ya kituoni yaishie kituoni. Desderi akanigusa goti. "Omba radhi, mke wangu, yaishe. Tunaishi hapa. Tutazaa tena hapa."

Hilo ndilo lililonimaliza. Tutazaa tena hapa. Nikawauliza wote pale mkekani: nikizaa tena, mtoto akawa mnene tena, atapimwa? Inchaji akasema, "Wewe tutakupimia, Skola. Wewe ni mwenzetu."

Mimi ni mwenzao, kwa hiyo nitapimiwa. Na yule wa Michenga ambaye si mwenzao, ambaye hajui hata kwamba kuna kitu cha kuomba? Anafurahia vigelegele vya mzani, anaondoka na gunia lake, anasema mpole kama baba yake, na kesho kutwa tunakwenda kumzikia.

Nikasimama nikachukua vikombe vya chai kuvipeleka jikoni, kwa sababu ningebaki ningesema maneno ambayo hayafai mbele ya msalaba. Kesho yake niliandika barua mbili. Ya kwanza ya kuacha kazi, mistari miwili. Ya pili nikaipeleka mwenyewe halmashauri, Anselmi mgongoni. Karani aliniambia kuna sanduku la maoni pale nje. Nikamwambia sina maoni, nina malalamiko, nataka yapokelewe, yagongwe muhuri na nakala nirudishiwe. Akaisoma, akaniambia mwishoni imepungua "wako mtiifu." Nikamwambia hiyo haijapungua.

Na nyie mnaochukua kijiti kimoja kimoja kwenye mfuko wa gauni: nawajua, mmoja mmoja. Sikuwaandika humu. Acheni.

Barua yenyewe hii hapa, kama ilivyopokelewa, ila jina la kituo nimelitoa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO MCHANGA KUTOPIMWA SUKARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto Anselmi Desderi, aliyezaliwa katika kituo tajwa, mahali ambapo pia nilikuwa mhudumu. Kadi yangu ya kliniki inaonyesha kuwa nilikuwa na sukari ya mimba. Mtoto alizaliwa na uzito mkubwa. Niliomba apimwe sukari, nikajibiwa kuwa vijiti ni vya watoto wadogo. Kesho yake aliacha kunyonya, akapoa na kutetemeka. Vijiti na glukosi vilikuwa vimefungiwa kabatini na aliyekuwa na funguo zote hakuwepo. Mtoto alipopimwa, kabati likiwa limeshavunjwa, sukari yake ilikuwa chini ya kiwango ambacho kipimo kinaweza kusoma. Baadaye alipungukiwa kalsiamu na akatibiwa hospitali nyingine.

Kabati nililivunja mimi. Nimeulizwa kwa barua kwa nini nisichukuliwe hatua, na jibu langu ni maelezo yaliyoko hapo juu.

Siombi mtu yeyote afukuzwe kazi, na nimekataa jambo hili kumalizwa nyumbani kwangu. Naomba kujibiwa kwa maandishi swali moja. Mwanamke mwenye sukari, ambaye si mtumishi wala ndugu wa mtumishi, akijifungua leo mtoto mkubwa katika kituo hicho, na mwenye funguo hayupo, ni nani atakayempima mtoto huyo?

Naomba mtaje jina la mtu, siyo cheo.

Skolastika, mama wa Anselmi
Katindiuka